Nani atauziba ufa wa Lamu?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani yuko Mkenya aliyeketi katika darasa la Kiswahili akashindwa kuimalizia methali hii mwalimu alipoianza. Hata hivyo, wahenga waliotuachia maneno hayo walinyamazia mambo mawili: ufa wenyewe uzibwe na nani, na uzibwe kwa kitu gani. Katika miji mingi maswali hayo hayana uzito. Fundi huitwa, mfuko wa saruji ukafunguliwa, na kabla ya magharibi kazi imekwisha. Katika mji wa Lamu maswali hayo mawili ndiyo kiini cha mambo, na kwa kuwa hayajajibiwa, nyumba ambazo baadhi yake zimesimama tangu karne ya 18 zinachakaa kimya kimya, pasi na vita wala tetemeko la ardhi.

Si kwamba Lamu imekosa kutambuliwa. Mwaka 1975 Usam Ghaidan, msanifu majengo, alichapisha uchunguzi wake juu ya mji huo, akaonyesha jinsi mitaa, vichochoro na nyumba zake zilivyopangwa kwa akili na kwa desturi. Mwaka 1986 mji wa mawe ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa, na mpango kamili wa uhifadhi, uliotayarishwa na Francesco Siravo na Ann Pulver, ukachapishwa. Desemba 2001, shirika la UNESCO likautia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa ni hekta zipatazo 16 tu. Mtu mwenye miguu mizima hulizunguka kabla chai haijapoa. Hivyo basi vyeti vipo, ramani zipo, na vitabu vipo. Jambo lisilokuwapo ni pakacha la chokaa mlangoni pa mwenye nyumba siku anayolihitaji.

Tuanze na hicho cha kuzibia, maana hapo ndipo wengi wetu tunaokaa mbali na kisiwa hicho tunapopotoka. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe, mawe yaliyotokana na bahari, na chumvi ya bahari haijawahi kuyatoka. Kuta zake ni nene. Mawe hayo yameshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yayo hayo, juu ya rundo la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa miezi kadhaa ipate kuiva. Juu, dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na ikizidishwa hupinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu hivi au pungufu. Kwa maneno mengine, ni mti wa kule mikokoni uliompimia bibi arusi ukumbi wake.

Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu huingia, na unyevu hutoka, kwa kuwa chokaa ina vinyweleo. Sasa mwite fundi wa siku hizi aupige ukuta huo saruji. Mwaka wa kwanza utapendeza kama yai. Baadaye unyevu ulionaswa ndani hutafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu hiyo huanza kubanduka vipande vipande, ikianguka pamoja na ngozi ya jiwe. Ukiligusa jiwe lililobaki, hukumwagikia mkononi kama unga. Nondo za chuma zilizotiwa mahali pa boriti nazo hushika kutu kwa hewa ya bahari, zikavimba, zikapasua zege iliyozifunika. Mwenye nyumba huwa ametoa fedha zake kwa nia njema kabisa, naye ameufupisha umri wa nyumba ya babu yake. Ufa ameuziba kweli, lakini ukuta ataujenga vilevile.

Kwa nini basi asitumie chokaa? Swali hili huulizwa kwa urahisi mno na watu wanaokwenda Lamu kwa siku tatu. Saruji inauzwa dukani, na huuzwa kwa mfuko mmoja mmoja kadiri ya uwezo wa mtu. Chokaa iliyoiva haipatikani hivyo. Matanuri yamepungua, na matumbawe hayawezi tena kuchukuliwa ovyo baharini, jambo ambalo kwa upande wa samaki na miamba ni la haki. Mawe ya kujengea hukatwa Maweni katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa chombo mpaka pwani ya Lamu, kisha yakabebwa na punda kupitia vichochoro ambamo mikokoteni miwili haiwezi kupishana. Kila hatua ina ujira wake. Boriti nazo zina hadithi yake. Wilaya ya zamani ya Lamu, ambayo leo ni kaunti, ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wakataji wake wanazitambua fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene wa mti kabla ya shoka kuinuliwa. Lakini Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote, marufuku hiyo iliyotokana na kilio cha misitu ya milimani na mito ya bara iliwakumba wakataji wa mikoko pia. Sisemi misitu isilindwe. Nasema kwamba mkono mmoja wa serikali ulimwagiza raia atengeneze dari kwa boriti, na mkono wa pili ukamfungia boriti, na mikono hiyo miwili haikukutana kushauriana.

Sasa tuje kwa yule wa kuziba. Tuifikirie nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Si ya mtu fulani ninayemlenga, ila yeyote aliyeutembelea mtaa huo atakuwa ameiona. Ina daka lenye mabaraza mawili, mlango wa nakshi, kiwanda kidogo kinachopokea jua, na ndani kabisa ukuta wenye vidaka vilivyochongwa safu kwa safu. Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya binti. Katika jamaa wenye uwezo wa Lamu, baba alikuwa akimpa binti yake nyumba anapoolewa, au akimwinulia orofa juu ya nyumba ya mama yake, au akamvushia wikio juu ya kichochoro ili mama na mwana watembeleane bila kushuka njiani. Ndiyo maana mji ulikua kwenda juu na kushikana, mithili ya mizizi ya mkoko wenyewe.

Binti huyo amekwisha kufariki. Aliacha watoto, nao wakaacha watoto. Kwa mujibu wa mirathi kila mmoja ana fungu lake: wawili wako Mombasa, mmoja yuko Jeddah, mwingine hajulikani kama angali hai, na mmoja ndiye aliyebaki ndani ya nyumba, akiishi kwa mshahara mdogo au kwa kuuza samaki. Paa linavuja pale linapokutana na ukuta wa magharibi. Huyu aliyebaki ndiye anayeamka usiku kusogeza kitanda. Akitoa fedha zake kutengeneza, anaitengenezea hisa ya wenzake. Akiwaandikia watoe, kila mmoja ana ada za shule za kulipa. Akitaka kubomoa ajenge upya kwa matofali ya saruji, sheria inamzuia, na mimi naona ni sawa imzuie. Lakini sheria inayomzuia mtu asitende jambo moja ingepaswa kumwonyesha jambo la pili analoweza kulitenda, nayo haikumwonyesha.

Limebaki la tatu, ambalo ni kuuza, nalo ndilo hutendeka. Hapa nitatofautiana kidogo na wenzangu wanaoandika juu ya pwani. Mimi simlaumu mgeni anayenunua nyumba Lamu au Shela eti kwa kuwa ni mgeni. Wako walionunua magofu wakayarudishia uhai kwa chokaa na boriti kwa uangalifu ambao wenyeji wenye fedha hawakuuonyesha, na mafundi wa mji wamekula kwa kazi hiyo na kuuhifadhi ujuzi wao. Jengo, kama jengo, limeokoka. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mwaka jengo hilo lina kufuli. Hakuna mtoto anayetoka humo asubuhi kwenda chuoni kusoma, hakuna harufu ya mkate wa mofa, na wikio linaelekea upande wa pili ambako hayuko wa kutembelewa. UNESCO ilipouorodhesha mji huo haikutaja mawe peke yake. Ilitaja pia kwamba ni mji wa Waswahili unaoendelea kukaliwa, na kwamba nafasi yake katika dini na elimu ya Kiislamu imewavuta watu kutoka sehemu nyingi. Wanaohudhuria Maulidi ya Msikiti wa Riyadha huko Langoni ni mashahidi. Kuta zikibaki na watu wakahama, orodha ile itakuwa ikiorodhesha maganda.

Nani basi ana wajibu? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia Serikali ya Kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali lilo hilo liliwapa magavana makumbusho na shughuli za utamaduni, pamoja na mipango ya ujenzi na nyumba. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 nayo imeipa Halmashauri ya Makumbusho ya Kitaifa uwezo wa kulinda majengo yaliyotangazwa. Msomaji atapata picha. Nyumba yetu ya Mkomani ni ya kitaifa inapopigwa picha na wageni wa Nairobi, ni ya kaunti inapotakiwa kulipiwa ada ya kibali, na ni ya yule muuza samaki inaponyesha mvua.

Nakiri kwamba pale Serikali yenyewe ilipokuwa mwenye nyumba, kazi nzuri imefanyika. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho, ikakarabatiwa, na leo uwanja wake ni mahali pa maktaba, maonyesho na mikutano ya wananchi. Jumba la Makumbusho lililo ufuoni, na nyumba ya Kiswahili iliyotengenezwa ili wageni waone maisha ya zamani, zimetunzwa. Ofisi ya uhifadhi ipo palepale mjini, na maofisa wake hujitahidi kwa kadiri ya mafungu waliyopewa. Lakini mji si ngome moja na majumba mawili. Sehemu kubwa mno ya kile ambacho dunia ilikiorodhesha ni mali ya watu binafsi, na karibu juhudi zote zinazohitaji fedha zimeelekezwa kwenye mali ya umma.

Anayedhani kwamba jina kubwa latosha kulizuia jengo lisianguke na atazame ng'ambo ya bahari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha iyo hiyo mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ndilo lililokuwa fahari yake. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake ya mbele ikiwa na mnara wa saa iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la Sultani, lenye wafadhili na lenye kutazamwa na dunia nzima, liliweza kuchelewa kutengenezwa hadi likafikia hapo, itakuwaje nyumba isiyo na jina katika kichochoro kisicho na jina? Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Katika kisiwa cha Pate, ambako watawala wa Kinabahani walikuwa na mji wao, wakulima wamekuwa wakipanda tumbaku katikati ya magofu.

Kwa miaka mingi jibu tulilopewa lilikuwa utalii: wageni watakuja, nyumba zitakuwa za kulala wageni, na fedha zao zitanunua chokaa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeonekana udhaifu wake mara tatu katika muda usiotimia miaka kumi. Septemba na Oktoba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu na Manda, na hoteli zikafungwa. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, na amri ya kutotembea usiku ikafuata. Mwaka 2020 ikaja korona. Kila mara mgeni alirudi kwao, nayo mvua ikaja kwa wakati wake.

Bandari mpya nayo imeahidiwa kuwa neema. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, baada ya kesi ndefu ambayo katika hukumu ya Aprili 30, 2018 Mahakama Kuu ilikubaliana na walalamishi kwamba haki za wavuvi na za jamii ya mahali hapo zilikuwa zimekiukwa, na kuamuru fidia ya Sh1.76 bilioni. Mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe nao ulipigwa breki Juni 2019, jopo la mazingira lilipoifuta leseni yake. Mambo hayo yameandikwa sana na kalamu zenye nguvu kuliko hii. Ninaloliona mimi ni dogo. Katika mabilioni yanayotajwa kila mradi huo unapozungumzwa, sijasikia likitajwa fungu la kuchomea tanuri moja la chokaa.

Na tanuri moja lingeanzisha mengi. Kaunti ikiwa na ghala la chokaa iliyoiva, ikaiuza kwa bei isiyozidi ya saruji kwa yeyote mwenye kibali cha kutengeneza nyumba ya kale, nusu ya marufuku tulizo nazo hazingehitaji askari wa kuzisimamia. Idara ya misitu inaweza kutenga kila mwaka kiasi kinachojulikana cha boriti kwa ajili ya dari za mji wa kale, mti kwa mti, badala ya kufunga na kufungua kwa matangazo ya redio. Ada za vibali kwa mwenye nyumba anayetengeneza kwa njia sahihi zifutwe. Fedha zenyewe si nyingi, na kumlipisha mtu kwa kuutunzia umma urithi wake ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Mafundi wazee nao wanahitaji vijana chini yao wanaolipwa, kwa kuwa kijana hatajifunza kuchonga kidaka kwa miaka mitatu ilhali bodaboda humpa chakula leo jioni.

Kuhusu lile tatizo la warithi wengi, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, pengine jibu limo ndani ya mji wenyewe. Watu wa pwani walikuwa na wakfu kabla ya kuwapo kwa UNESCO, Makumbusho au kaunti. Mtu alitoa duka au shamba, akalifunga kwa ajili ya msikiti, na kodi yake ikawa ndiyo inayopaka chokaa na kujaza birika mwaka baada ya mwaka, hata mtoaji na wajukuu wake walipokwisha kufa. Misikiti ya Lamu haikusimama muda wote huo kwa michango ya dharura. Je, haiwezekani masheikh, Tume ya Wakfu na wanasheria wakaketi na jamaa wanaomiliki nyumba kwa ushirika, wakatafuta namna ambayo chumba kimoja cha mbele kinakodishwa na kodi yake ikafungwa kwa paa la nyumba nzima, mafungu ya warithi yakibaki kama yalivyo? Najua yako maswali ya kifiqhi humo ambayo mimi si mtu wa kuyajibu. Lakini wako wanaoweza, tena Lamu haijawahi kuwa na uhaba wao.

Wengine watasema kwamba nchi yenye njaa Turkana na madarasa chini ya miti haina fedha za kuzipapasa nyumba za matajiri wa kale. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wakaao ndani ya nyumba hizo wangekuwa matajiri. Muuza samaki wetu si tajiri. Amerithi jumba, na pamoja nalo amerithi deni asilolikopa. Isitoshe, fedha za chokaa hubaki kisiwani. Hupita kwa mchomaji, kwa nahodha wa mashua, kwa mwenye punda na kwa fundi, ilhali fedha za saruji na nondo huondoka na lori lililozileta mpaka Mokowe.

Mvua za masika huanza Machi kuelekea Aprili. Chokaa hutakiwa kukaa miezi kadhaa baada ya kuzimwa ndipo ifae kupigwa kwenye paa, na paa lenyewe hutakiwa likauke katika jua la kaskazi kabla ya matone ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, chokaa ya kuzuia mvua za mwaka ujao inapaswa kuwa shimoni kufikia Oktoba. Bajeti za kaunti husomwa Juni. Ningependa kuona, katika kitabu cha bajeti kinachofuata, mstari mmoja ulioandikwa neno hilo.